Angalia Uzi

Jumatatu, 6 Machi 2006
Mabelo manne ya nguo kabla ya chai. Ghala zima hapa Stechford, huku Uzunguni, hakuna anayechambua mitumba kwa kasi yangu, na nina miezi miwili tu. Mama yuko meza ya jirani mwaka wa tano sasa, bado anashika kila shati kama anampa mtu pole. Nilimwambia hivyo. Akacheka. Bwana Kirit mwenye ghala, Mhindi wa Kisumu, anatafuta msimamizi. Jina la msimamizi ndilo linaandikwa kwenye karatasi ya kila belo. Nimeshaanza mazoezi ya sahihi.

Jumanne, 7 Machi
Furaha, mdogo wangu, ana insha ya shule: wanawake waliopanga nyota. Nikamwambia nyota si sahani. Akaniita mjinga. Kweli kiasi, shule niliiacha njiani. Basi nikasikiliza. Zamani, Marekani, walipitisha mwanga wa nyota kwenye kioo, ukakunjuka kuwa utepe wenye mistari myeusi. Wakaupiga picha. Darubini za wanaume. Wanawake mchana kutwa na lenzi, wanasoma mistari, kila nyota wanaipa herufi. Maelfu. Mmoja alianza kama mtumishi wa ndani wa mkubwa wao. Herufi zenyewe: O, B, A, F, G, K, M. Nikafurahi. Nilidhani ni mimi tu nisiyejua alfabeti. Kumbe walizipanga upya kufuata joto, zilizozidi wakatupa.

Alhamisi, 9 Machi
Furaha kaleta picha za tepe kumi na mbili, kila moja aipe herufi yake, pamoja na mfano wa kila herufi. Nikajitolea. Dakika mbili, kwa weusi wake. Bingwa. Nimepata mbili. Weusi ulikuwa wa mashine ya fotokopi. Mama, hajui nyota wala Kizungu, akapangusa unga mikononi, akatazama mfano. "Weye unaangalia rangi. Rangi inadanganya. Angalia uzi." Akapata kumi na moja. Furaha akambusu. Mimi nikasema bahati.

Ijumaa, 10 Machi
Nafasi ni yangu, kuanzia Jumatatu. Bwana Kirit anasema vijana wote wana haraka na wanaharibu, lakini langu halijarudi hata belo moja kutoka kwa wateja. Mama alifunika mdomo kwa furaha. Nikapitia maduka ya Sparkhill kumnunulia kuku. Leo nampenda kila mtu, hata dereva wa basi.

Jumamosi, 11 Machi
Wakati wa chakula nilirudi kuchukua kofia. Mama yuko kwenye mapipa yangu ya nguo nilizochambua. Mkate mkono mmoja, mkono wa pili unatoa sufu niliyotupa kwenye pamba. Haraka. Haraka kuliko mimi. Hakuniona. Kumbe ndiyo maana mabelo yangu hayarudi. Nimemkasirikia. Sijui kwa nini yeye.
Jioni Furaha kanisomea insha. Mwisho kaandika: macho yalikuwa ya wanawake, sifa zikamwendea mkubwa wao. Nikaingia kwenye lifti ya jengo letu. Nikapanda na kushuka ghorofa kumi na moja, mara tatu.

Jumapili, 12 Machi
Baada ya kanisa nilimwuliza Mama. "Ningefanya nini? Nikuache wakufukuze?" Nikasema nafasi iwe yake; anataka nichukue mimi. Yeye Kizungu hajui. Nikasema karatasini linaandikwa jina tu, na jina lake si la Kizungu. Tukanuniana hadi jioni. Naona aibu. Nampenda, yule mama, na ananiudhi.

Jumatatu, 13 Machi
Nilimwambia Bwana Kirit yote. Akacheka, akadhani masihara. Najulikana kwa utani. Nikamwambia achague vitambaa ishirini, atufunge macho mimi na Mama. Mama ishirini. Mimi tisa. Meza zote vigelegele, wanafiki, wote walikuwa wanajua. Bwana Kirit akauliza nani ataongea na wateja wa Kizungu. Nikasema mimi. Mdomo ninao.

Ijumaa, 17 Machi
Mvua. Insha ya Furaha imebandikwa ukutani darasani. Mama ameandika jina lake kwenye karatasi ya belo lake la kwanza. Nabintu. Polepole, ulimi nje. Sikumtania. Kisha akaniletea sweta kutoka pipa langu, akanifumba macho kwa kiganja chake. Nikapitisha uzi kati ya vidole. Pamba, nikasema. Kiganja hakikuondoka. Nikashika tena.