Injini Yetu Imeitwa Nyumbani

Jumapili, 3 Machi

Naanza na salamu za nyumba, ingawa hakuna wa kuzipokea. Mume wangu, baba wao, mzima, bega tu linamsumbua. Mama mkwe mzima — kailalamikia chai tangu asubuhi, kwa hiyo mzima kabisa. Kitindamimba mzima, anakula kama mchwa. Binti yangu mkubwa, aliye kwa mumewe, mzima na mzigo wake wa miezi minane, miguu imevimba. Mkwe wetu mzima, ndiye anayempeleka kliniki kwa gari lake. Kumbe mgonjwa ni gari letu!

Kampuni imetuma ujumbe. "Mteja wetu mpendwa." Injini za magari kama letu zina kasoro tangu kiwandani, zinaweza kujifunga ghafla zikiwa njiani. Wanaziita zirudi. Tunastahili injini mpya bure, na gari la kutumia wakati tukisubiri. Baba wao kausoma tena na tena kwa sauti ya mshenga. Mpendwa! Miaka yote hii hata tumeamkaje hawajauliza.

Jumanne, 5 Machi

Tumekwenda. Sakafu inang'aa hadi unaogopa kukanyaga. Binti wa mapokezi ana tabasamu la kuazima. Fundi wao kafungua boneti, kachungulia, kafunga. Injini hii haimo kwenye orodha yetu, mama. Siyo iliyokuja na gari.

Nikamtazama baba wao. Baba wao akatazama dari.

Maana mwaka jana ilianza kugonga. Fundi wetu wa mtaani, tunamwita Profesa, akaing'oa akatufungia nyingine iliyotumika. Ile mbovu tukamwachia. Chuma chakavu, tulisema.

Binti wa mapokezi akasema haki yetu iko palepale, tulete tu injini ya zamani, hata kama ni vipande. Haki ipo, injini haipo. Tukapewa mwavuli wenye nembo ya kampuni. Haya, ikinyesha injini tutajikinga.

Jumatano, 6 Machi

Nimemkuta Profesa chini ya lori, miguu tu nje. Nikaongea na miguu. Injini yetu iko wapi? Miguu ikajikunja.

— Ile ilipona, dada. Nilimfungia mtu.
— Nani?
— Mtu wa heshima zake.
— Profesa!
— Mkweo.

Nimekaa kwenye tairi.

Kumbe injini ya mkwe ilikufa, akaona aibu kutuambia. Ya kwetu akaipata kwa Profesa, akaona aibu zaidi kula makombo ya ukweni. Akamwapisha Profesa asifungue mdomo. Na sisi huo ujumbe wa kampuni tukaukalia — mkwe haelezwi shida za nyumba, atatuonaje! Heshima tupu, pande zote mbili. Heshima hiyo ndiyo inampandisha binti yangu na tumbo lake juu ya injini ileile, kila akienda kliniki.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempigia mkwe. Usiliwashe hilo gari, baba. "Shikamoo mama. Ndiyo mama. Nimekusikia mama." Ndiyo zake nazijua, hazina magurudumu. Binti yangu akamnyang'anya simu: mama, unamvua nguo mume wangu, injini yenyewe inanguruma kama paka! Paka. Paka naye hukwaruza, mwanangu.

Nimeipigia na kampuni. Gari la mkwe ni la kampuni nyingine, injini yetu Profesa aliilazimisha tu ikaingia, kwa hiyo yeye hastahili kitu. Mwenye haki mimi. Hatari kwake, haki kwangu — hata mirathi haigawanywi vizuri hivyo. Nikauliza, injini niilete vipi, ikiendeshwa? Hatushauri, mama, ni hatari. Ahsanteni sana kwa ushauri.

Jioni baba wao kaongea na mkwe, mwanamume kwa mwanamume. Wamezungumza mvua kwa kirefu. Mwishoni wakakubaliana Profesa aing'oe kesho kutwa.

Ijumaa, 8 Machi

Uchungu umeanza! Mapema hivi!

Mkwe kapiga. Samahani mama, tuko njiani kwenda hospitali. Nikauliza, mmepanda teksi? "Ndiyo mama."

Na nyuma ya hiyo ndiyo nikaisikia injini yetu ya zamani ikigonga. Ko-ko-ko. Niliisikia miezi na miezi nikiwa kiti cha mbele, siwezi kuisahau. Kisha simu ikakatika.

Hapokei. Binti hapokei. Baba wao katoka na gari letu kuifuata njia yao. Hospitali wanasema bado hajafika mtu wa jina hilo.

Simu imelia, nimeidaka nusura niivunje — kampuni! Mteja wetu mpendwa, utatupa nyota ngapi kwa huduma yetu? Nyota! Mchana wote huu, nyota!

Nimemwandikia mkwe, herufi zangu za kupinda hivyohivyo: Mwanangu, leo usinipe shikamoo wala ndiyo mama. Kama mmekwama, sema mmekwama. Sitauliza injini ya nani. Niambie tu mko wapi, baba yenu yuko barabarani anawatafuta. Nijibu upesi.