Saa Nane, Shwari

Jumatatu, 4 Mei
Watunga kamusi wangejua ninapoishi, wangenitumia gari. Mpwa wangu, yule anayesomea ualimu, kaja na daftari. Mjomba, usiku wa manane, hilo neno manane limetoka wapi? Amefika kwa mwenyewe. Miaka kumi na tisa nalinda ghala la rangi usiku — amuulize nani mwingine? Nikamwambia: zamani usiku ulikuwa na walinzi wanane. Saba wakisinzia. Wa nane, babu mzaa babu yangu, hakufumba jicho hata siku ya harusi yake. Zamu yake ndiyo manane. Kaandika yote, chai yake ikapoa.

Jumatano, 6 Mei
Mwalimu wake kacheka. Eti manane ni saa nane ya usiku tu, basi. Mwalimu gani huyo, analala na kuku! Lakini kasema huyo mjomba aje darasani Ijumaa, aeleze saa hiyo ikoje — kunasikika nini, nani yuko macho. Mpwa atapewa alama kwa maelezo yangu. Sare nimeipiga pasi mara mbili.

Alhamisi, 7 Mei
Mazoezi na mpwa. Nikaanza: saa nane, hata panya hutembea kwa adabu. Kaweka kalamu chini.
"Mjomba, juzi saa nane king'ora cha ghala lenu si kililia nusu saa? Mtaa mzima tulitoka nje. Mama na shuka lake. Fundi viatu ndiye aliyeruka ukuta akakizima."
Nikasema nilikuwa upande wa nyuma.
"Haya. Kesho utueleze na hicho king'ora. Wenzangu wanne wanakaa mtaa huu huu."


Ijumaa, 8 Mei
Asubuhi nimepita kwa fundi viatu, nikamwuliza kwa chinichini king'ora kinaliaje. Kacheka nusura ameze misumari iliyokuwa mdomoni. Kisha kaniigizia.
Sasa niko kwenye benchi nje ya darasa, naandikia gotini. Mpwa ndani anawaambia: mjomba wangu hajui usingizi. Mlango unafunguliwa. Ananipungia mkono.
Niandike upesi. Daftari la zamu hulijaza lote saa mbili usiku, nikishakula. Saa nne, shwari. Saa sita, shwari. Saa nane, shwari. Kisha natandika maboksi. Saa nane ya usiku, mimi sijawahi kuiona.