Vidole Vyangu Vimekataliwa Benki

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijafanya la kijinga. Mimi ni mwashi, shule niliiachia darasa la tano, na muda mrefu sasa niko mbali na mke na watoto, nikijenga nyumba za watu na kulala chumba kimoja na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, nyuma ya karakana ya magari. Juzi mwenye shule fulani aliona ukuta niliojenga, akauliza nani kauinua, akaambiwa ni mimi, akanipa madarasa yake mapya niyajenge, si kama kibarua tena bali kama fundi mwenye kazi, na siku ile nilitembea kifua mbele mpaka shemeji akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Tatizo shule inalipa kwa hundi tu, kwa hiyo nikavaa shati langu la kutokea, nikaenda benki kufungua akaunti ya hundi, nikaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, kikakataa, nikarudia, kikakataa, kwa sababu saruji na matofali vimekula ngozi mpaka vidole vimekuwa laini kama kioo. Binti wa dirishani akasema, "Baba, alama za vidole umezisahau wapi?" Foleni nzima ikacheka. Nikamjibu, "Kwenye kuta kama hizi unazoegemea," nikachukua kitambulisho changu nikatoka.

Sasa shemeji ananiambia, "Shem, unajitesa bure. Tufungue kwa jina langu, gumba langu bado jipya, si unajua mimi na kazi hatuelewani?" Anatania, lakini anataka na mkataba uandikwe jina lake ili ulingane na hundi. Mke wangu kwenye simu anasema nikubali, kaka yake si mtu baki. Mwenye shule anataka namba ya akaunti kabla mwezi haujaisha, la sivyo anamwita fundi mwingine. Ugomvi na wakwe siutaki, lakini madarasa yale nataka ijulikane nimejenga mimi. Nifanyeje?

Mwashi wa Mbali

JIBU

Mwashi, hongera, na vidole hivyo usivionee haya. Ila nikukaripie kidogo: jibu lako lilikuwa tamu, lakini uliondoka na ushindi ukaiacha akaunti dirishani. Binti alikosea kukutania mbele za watu, sawa. Wewe nawe una vidole kumi, umejaribu kimoja, ukanuna!

Jina la shemeji lisiguse kazi hiyo. Akaunti ikiwa yake, fedha ni zake. Mkataba ukiwa wake, hata madarasa ni yake, nawe umerudi kuwa kibarua. Mwambie kwa adabu, uso kwa uso: "Shem, nakuheshimu. Njoo unichanganyie zege, nitakulipa." Hapo utani utakwisha wenyewe. Mkeo naye mweleze hivyo hivyo, ataelewa.

Kaa mbali na saruji siku chache, paka vidole mafuta kila unapolala, kisha rudi benki asubuhi. Jaribu vidole vyote. Vikigoma, usitoke, omba kumwona meneja, useme wewe ni mwashi, uulize watakusajili kwa njia gani nyingine. Sahihi utakayoweka kwenye hundi zako iwe fupi, uifanyie mazoezi mpaka mkono uizoee, maana ikibadilika hundi itarudishwa.

Na hundi ya kwanza utakayoandika, mwandikie mke wako, jina lake kamili. Asimame kwenye dirisha la benki huko nyumbani, aone sahihi ya mumewe ikifungua droo ya fedha.