Kiazi Nilichokikataa Homa Bay

Jumamosi, Mbita. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na sasa imebaki ile ya kudondoka tu kwenye mabati. Nimekula, nimeoga, nimepewa blanketi. Lakini sina raha.

Leo nimesafiri peke yangu kwa mara ya kwanza, kutoka nyumbani Kegonga hadi hapa kwa Shangazi Boke, aliyeolewa na Mjaluo. Mama alinifunza safari nzima: nibadilishe gari wapi, nisiingie mahali nisipopajua, na zaidi ya yote, nisile chakula cha mtu nisiyemjua.

Nimetii yote. Nilipofika nilikuwa najivunia.

Mvua ilinikuta Homa Bay, nikakimbilia baraza ya duka la vitambaa. Tulikuwa wengi pale. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kufuma, akatuita: "Ingieni ndani, mnalowa kwa nini? Kuangalia vitambaa ni bure!" Watu wakacheka, wakaingia. Mama mmoja tu akabaki nje kwenye benchi. Nikaketi karibu naye, kwa sababu ya maagizo ya Mama.

Alikuwa na koti kubwa la kiume, amelivaa kinyume, mishono na bitana vikiwa nje. Nilimwonea huruma. Nikamnong'oneza, "Samahani, mama, koti umeligeuza."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho. "Wewe si wa huku."

"Natoka Kegonga, mama."

"Ndiyo maana umekaa na mimi, nyathina."

Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo. Hilo nalijua kwa Shangazi. Mengine sikuyaelewa, na sikuuliza.

Akaniambia ametoka kumwona binti yake, anayejifunza ususi katika saluni moja pale mjini. Alimpelekea viazi vitamu vya kuchemsha, lakini binti akasema ameshiba. "Wateja walikuwa wengi," akaongeza, kama anayemtetea. Akafungua bakuli, akamega kiazi kimoja, akaninyooshea nusu. Nusu yake hakuila. Alikuwa ananingoja.

Nilikuwa na njaa. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu chai ya alfajiri.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Mkono wake ulibaki pale kidogo. Kisha akairudisha nusu ile kwenye bakuli, na ile yake pia, akafunika.

"Haya. Leo wote mmeshiba," akasema.

Mvua ilipopungua aliondoka bila kuaga. Nilidhani ana haraka.

Jioni nilimsimulia Shangazi habari za lile koti, kama kichekesho. Alikuwa anachambua omena, dagaa wa ziwani. Mikono ikasimama.

"Gati, huyo amefiwa na mume. Koti ni la marehemu."

Akanieleza kwamba hapa, kwa wale wanaofuata mila, mjane huvaa nguo ya mumewe hivyo mpaka desturi za msiba zimalizike. Kabla ya hapo haingii kwa watu, na wengi hawali kitu kilichotoka mkononi mwake.

"Lakini mimi sikujua, Shangazi!"

"Na yeye aliona hujui. Kwa hiyo akakuomba."

"Hakuniomba kitu. Alinipa kiazi."

"Alikuomba ule naye."

Sasa kila kitu kinanirudia. Nilipobaki naye barazani, aliona simwogopi. Na nilipokataa, huenda akafikiri kumbe nami pia najua.

Nimetafuta kosa langu na silioni vizuri. Mama hakukosea kunifunza vile, na pengine safari ijayo nitamtii tena. Lakini ningeweza kusema ukweli: mama yangu amenikataza kula njiani. Yule mama angecheka, labda angesema mama yangu ana akili. Mimi nikachagua uongo wenye adabu, na kumbe ndio uongo aliokuwa ametoka kuambiwa na mtoto wake mwenyewe.

Jina lake sikuuliza.

Jumatatu narudi nyumbani. Nimemwomba Shangazi anichemshie viazi viwili, na nikifika Homa Bay nitakaa kidogo kwenye benchi lile. Najua hatakuwepo. Nitakaa tu.

Najua pia kwamba wasichana wa saluni husoma simu wateja wakikosekana. Kwa hiyo naandika hili mtandaoni, kwa yule aliyeletewa viazi leo, akasema ameshiba huku watu wakitazama. Sikulaumu. Mimi hakuna aliyekuwa ananitazama, na bado nilisema hivyo hivyo. Mama yako aliondoka na bakuli lake likiwa limejaa.

Ukipata nafasi kesho, nenda ukale naye. Mimi sijui nyumba yake iko wapi.

Wewe unajua.