Shangazi Amefia Mikononi Mwangu

Jumatatu, 4 Machi

Leo chuoni, mchezo wa kuigiza wodi. Mkufunzi aligawa karata, kila mtu na nafasi yake. Mimi: muuguzi wa zamu. Mgonjwa ni yule mwanasesere wa mpira tunayemwita Shangazi — anapumua, anajikojolea, anatoka damu ya rangi. Amejifungua, damu haikatiki. Nikasugua tumbo, nikaweka dripu, nikapima presha. Yote mwenyewe, kimya. Shangazi akafa. Wenzangu wakacheka.

Mkufunzi hakucheka. Alituketisha tusimulie nani alifanya nini. Mimi aliniuliza jambo moja tu:

"Ulimwita nani?"

Sikumwita mtu. Nilidhani kuita ni kukiri nimeshindwa.

Jumanne, 5 Machi

Karata ileile, nimeiomba mwenyewe. Niliita hadi wanafunzi wa chumba cha pili wakachungulia. Shangazi kapona. Nyumbani dada kanitania, eti sasa nafufua mipira.

Alhamisi, 14 Machi

Wodi ya wazazi, ya kweli. Damu ya kweli ina harufu — hilo Shangazi hakutufundisha. Sista wa zamu mkali, maneno machache. Yeye ndiye atakayesema nimefaulu au la. Nimetandika vitanda.

Ijumaa, 15 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Metroni, mkuu wa wauguzi, kasema nisiondoke, ana maneno na mimi.

Asubuhi mzazi wa kitanda cha dirishani alilowesha pedi kwa damu. Nikambadilishia, akalowesha tena upesi. Nikamwambia sista. Akasema ni kawaida, nisimfundishe kazi. Niliporudi, mgonjwa anapiga miayo, jasho la baridi. Nikamwambia sista tena. Akasema nitulie. Basi nikatoka koridoni nikamwita daktari kwa sauti, wodi nzima ikageuka. Daktari alikuja mbio, akamgusa tumbo, akaagiza machela. Sista akaisukuma mwenyewe.

Sijui nimefanya vyema au nimejiharibia.

Mama yake mgonjwa kaja hapa benchini. Kauliza kama ni mimi niliyepiga kelele. Nimesema ndiyo, mama. Kaupakata mkoba wake, nikae vizuri.

Mlango umefunguliwa. Ni sista, aproni imelowa. Ananitazama mimi.

"Wewe damu yako grupu gani?"

O, nimesema. Anasema niache kuandika, nikunje mkono wa gauni, niingie —