Kibuyu cha Maji Ulichonimwagia

Kaka yangu mpendwa,

Tangu jana situlii. Nakaa, nainuka, natoka nje, narudi ndani, mpaka mke wangu kaniuliza kama nimekalia siafu. Hajui. Wewe uliye kaburini ndiye pekee unayejua.

Unakumbuka tulivyotoka Nandagala kwenda Nachingwea, kusafisha pori la mashamba ya karanga ya Wazungu? Matrekta mawili yalikuwa yakikokota mnyororo, miti inalala, na mmoja ukaanguka na nyuki ndani yake. Watu walitawanyika. Wewe ulitimka mbele ya wote. Mimi nilibaki nimesimama wima, na nyuki wengi wakanipita kuwafuata waliokimbia.

Wenzetu wakaniita Jabali. Wewe wakakuita Mbio. Jabali gani, kaka? Magoti niliyaamuru yakimbie, yakagoma. Moyo ulinipiga hadi masikioni, ulimi ukakauka, na kaptula ikalowa.

Ulipogeuka nyuma, uliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Ukarudi katikati ya nyuki, uso umekuvimba, ukanimwagia kibuyu chako chote cha maji kuanzia kiunoni. Waliokuuliza ukawaambia unanipoza. Wakacheka kwamba Mbio amerudi kumuuguza Jabali. Ukacheka nao, na hukusema neno mpaka ukafa. Nami jina lile nikalibeba miaka yote kama haki yangu. Naona aibu, kaka.

Jana alikuja binti yako Somoe, anayeolewa Ruangwa baada ya mavuno. Huko mawifi wameanza kumtania kwa lile jina lako la Mbio, kwamba atawazalia wakimbiaji. Akaniuliza bila kuniangalia, "Baba mdogo, baba alikuwa mwoga?"

Kumbe mwili hausahau. Magoti yaleyale, ulimi uleule. Ningeweza kunyamaza tena, maana nimezoea kunyamaza. Nikamwambia yote, hata la kaptula.

"Siku ile baba yako ndiye aliyerudi," nilisema. "Mimi sikukimbia kwa sababu sikuweza."

Aliingia ndani akaniletea maji ya kunywa. Nilipokipokea kikombe, nusu yake ikanimwagikia mapajani. Akaniangalia, nikamwangalia, tukacheka mpaka tukalia. Safari hii yalikuwa maji tu, kaka.

Kesho Ijumaa nakwenda Ruangwa kwa wakwe zake, kuwaambia mbele ya wote nani alikuwa nani. Magoti yameshaanza. Lakini nitakwenda hivyohivyo.

Lala salama, kaka.

Ni mimi mdogo wako, yule aliyeshindwa kukimbia