Robo Iliyobaki

Jumatatu, 24 Februari

Toroli la kwanza, saa mbili na nusu asubuhi. Miwani ya plastiki ishirini na sita. Mbili zimevunjika masikio. Nimezifunga kwa selotepu.

Darasa la kumi na moja, chumba cha tatu. Fundi wa maabara hupeleka vifaa, hukaa nyuma, hukusanya, huondoka. Ndiyo kazi yangu. Unguja nilisomesha fizikia miaka kumi na moja. Hapa kwa Waingereza naosha vikombe vya kupimia.

Gareth alikuwa anasomesha atomu. Yeye ni mwalimu wa michezo. Mwalimu wa fizikia aliondoka kabla ya Krismasi na skuli haijapata mwingine, basi kijana wa watu katupwa pale na kitabu. Kiini, protoni, neutroni, akaenda vizuri. Akafika kwenye nusu-maisha. Akaandika ubaoni: nusu ya atomu zinaoza kwa saa sita, na nusu iliyobaki inaoza kwa saa sita nyingine. Baada ya saa kumi na mbili hakuna kitu.

Hakuna kitu! Inabaki robo. Kila saa sita inaoza nusu ya kile kilichopo, si nusu ya kile cha mwanzo. Mtoto wa kidato cha nne angemcheka.

Watoto ishirini na sita wakanakili. Nami nikakaa kimya na miwani yangu ya selotepu. Mwalimu hasahihishwi mbele ya wanafunzi wake. Nimelelewa hivyo na nimesomesha hivyo.

Jumanne, 25 Februari

Nimemwambia. Nilimkuta kwenye mashine ya fotokopi, peke yake, kwa heshima zote. Nikamwambia labda ukurasa wa kumi na nne ungefaa kutazamwa tena, akipata nafasi. Ndio ukurasa wa nusu-maisha kitabuni. Akanishukuru, akatabasamu, akaondoka na karatasi zake.

Basi. Kesho kutwa atarekebisha.

Alhamisi, 27 Februari

Hakurekebisha.

Na mimi nilikuwa nimemwandalia kila kitu. Dadu mia kila meza. Unazirusha, unatoa zote zenye namba shufwa, unahesabu zilizobaki, unarusha tena. Zile dadu ndizo atomu. Hata asiyejua kusoma ataona zinavyopungua nusu kwa nusu.

Meza ya Ikram: mia, arubaini na saba, ishirini na sita, kumi na moja. Ikram ni mtoto wa Bi Riziki, Mpemba, jirani yangu hapa Stratford, ghorofa ya chini yangu. Anataka kusomea kupiga picha za eksirei hospitalini. Akanyoosha mkono. Akauliza kwa Kiingereza chake cha hapa mbona baada ya mara mbili hazijaisha, na ubaoni imeandikwa zinaisha.

Gareth akatazama dadu. Akasema huenda hazikurushwa vizuri. Andikeni jibu la kitabuni.

Jibu la kitabuni ni robo! Hajakifungua hata hicho kitabu! Mtoto kaliona jambo kwa macho yake, kwa mkono wake, anaambiwa kakosea kurusha. Ikram akafuta. Nilimwona akifuta.

Nimemwambia yule bwana na kanipuuza. Kaniona mfagizi. Nimekusanya dadu elfu moja na sikuweza kumtazama usoni.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani, siku ya tatu. Kichwa kinagonga. Wamehamia mada nyingine. Sijasema na Gareth wala yeye hana habari.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo ya mtihani wa majaribio. Swali la nusu-maisha lina vipengele vinne na kila kimoja kinategemea cha kwanza. Darasa zima limeandika sifuri. Ishirini na sita, jibu moja, kosa moja, sentensi ile ile ya ubaoni.

Mkuu wa sayansi, Colin, hakujiuliza wamelitoa wapi. Kasema darasa ni dhaifu. Anataka kuwashusha wote wafanye karatasi ya chini. Kwenye karatasi ya chini hata ujibu kila swali hupati zaidi ya daraja la tano kati ya tisa, na kwa tano hakuna chuo kitakachokupokea kusomea fizikia. Barua zimekwenda kwa wazazi leo. Waweke saini kuridhia.

Wanaadhibiwa kwa kusikiliza darasani. Nimefura.

Alhamisi, 13 Machi

Wazazi wengine wamekaa kimya au wamepiga simu kugomba. Mmoja tu karudisha barua siku ya pili, asubuhi na mapema, kwa mkono wake mwenyewe, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Bi Riziki.

Ikram kashahamishwa darasa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema.

Kikao cha idara. Mafundi huwa tunaingia, tunakaa karibu na mlango, tunasikiliza ratiba ya vifaa. Colin alipofika kwenye karatasi ya chini nikasimama. Nikasema darasa halina udhaifu, limefundishwa kosa. Nikaandika ubaoni mia, hamsini, ishirini na tano.

Colin akatazama ubao. Akauliza nimelijua hili tangu lini.

Nikasema tangu siku ile ile, na nilimwambia Gareth.

Gareth akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema sikumwambia. Akasema nilimtajia ukurasa wa kumi na nne, akautoa upya kwa sababu wino ulikuwa umefifia. Alidhani nasema habari ya fotokopi.

Si mwongo. Nilimwona usoni. Wiki mbili na nusu nimemchukia mtu kwa kupuuza neno ambalo sikulisema. Kwetu angeelewa. Mtu mzima akikwambia katazame tena, unakwenda mbio. Lakini huyu si wa kwetu, na mimi nalijua hilo, nina miaka tisa katika mji huu. Nilijifanya nimesema ili nipate kunyamaza.

Najichukia zaidi yake.

Jumanne, 18 Machi

Colin kanipa saa moja ya chakula cha mchana na darasa lile. Nilisomesha. Sauti yangu ilitoka kwa nguvu hata mimi nilishtuka. Gareth kaja, kakaa nyuma na daftari, ananakili pamoja nao. Kauliza swali, na lilikuwa swali zuri. Hasira yangu niliyomwekea sikujua niitie wapi.

Wakarudia swali lile la mtihani pale pale. Wamepata. Darasa linabaki karatasi ya juu.

Isipokuwa Ikram. Colin kasema mzazi karidhia kwa maandishi na majina yanapelekwa Alhamisi. Mzazi mwenyewe akikataa kwa maandishi, sawa. Mimi si mzazi.

Jumatano, 19 Machi

Nimeshuka kwa Bi Riziki kabla ya magharibi. Alikuwa anakanda unga wa chapati, kanikaribisha kwa mikono ya unga. Nikamwambia aandike barua ya kukataa.

Akashangaa. Amkatalie mwalimu? Walimu ndio wanaojua, kasema, ndiyo maana aliharakisha, wasije wakaona mtoto hana wenyewe.

Ikabidi nimweleze yote. Mwalimu alikosea. Nilikuwa mle ndani. Nilimwona Ikram anafuta jibu la kweli, nikakusanya dadu, nikaondoka.

Akaacha kukanda.

"Wewe uliyesoma ulinyamaza, Bi Zuwena. Mimi nisiyesoma ndiyo unataka nikaseme?"

Adhana ya simu ikalia. Alinipa tende na maji kwa sababu mtu hafuturishwi kwa maneno. Hakunitazama tena.

Alhamisi, 20 Machi

Nilipofika na toroli Bi Riziki alikuwa ameshakuja na kuondoka. Mpokezi wa mlangoni kanihadithia. Mama mmoja wa baibui, Kiingereza kidogo, kasimama mbele ya Colin na kusema hapana, mara tatu, bila kukaa, akaweka barua mezani. Mwandiko ni wa Ikram. Saini ni ya mama yake.

Jina la Ikram limerudishwa kwenye karatasi ya juu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua tangu asubuhi. Darasa la saba, sumaku, seti kumi na tano, zimerudi kumi na nne.

Ikram anafunga, basi saa ya chakula cha mchana kakaa kwenye chumba changu cha vifaa, kafungua zoezi la nusu-maisha. Kalimaliza bila kuniuliza. Nikalitazama. Sahihi yote. Nikataka kumwambia kuhusu ile siku ya dadu. Akasema kwa Kiswahili, jambo asilolifanya, kwamba mama kashamwambia.

Kisha akafungua ukurasa unaofuata.

Jioni nilikutana na Bi Riziki kwenye ngazi. Nikatoa salamu. Akaitikia, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, akapita.